Chupa Kando ya Pipa, Begi Mapajani

Lifti za vituo vya treni za chini ya ardhi hapa Berlin huharibika kama lifti za kwingine. Mama mwenye kigari cha mtoto akifika penye ngazi na kukuta tangazo limebandikwa mlangoni, hahitaji kusema neno. Mtu atainama, atashika kigari upande wa mbele, watapanda pamoja hadi juu, na kabla mama hajamaliza kushukuru mwenzake keshapotea kwenye umati. Mimi nimebebewa na mzee wa suti na tai. Nimebebewa na mlevi aliyenuka bia saa tatu asubuhi, naye ndiye aliyebeba kwa uangalifu kuliko wote. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mtoto anaitwa nani.

Wabongo tukikutana huku, haipiti nusu saa kabla mtu hajasema Wajerumani hawana utu. Jirani anakupita ngazini kimya, kwenye basi hakuna salamu, ukimtazama mtu usoni anaona umemkosea. Mimi siafiki. Wema wao upo, ila wameuweka kwenye vitu, na ukitafuta maneno hutauona.

Tazama chupa. Hapa chupa ya plastiki ya kutumiwa mara moja au kopo la kinywaji lina amana ya senti 25, na chupa ya kawaida ya bia senti 8; ukirudisha dukani unapewa hela yako. Wapo wazee ambao pensheni haiwatoshi na watu wasio na makazi wanaoziokota ili mkono uende kinywani. Basi mtu akimaliza soda yake, chupa haitupi ndani ya pipa. Anaisimamisha chini, kando ya pipa, ili mwokotaji asilazimike kuingiza mkono kwenye uchafu. Jioni za kiangazi kule mtaa wa Kreuzberg, ukipita kando ya mfereji, utaona chupa zimejipanga chini ya kila pipa. Aliyeziacha keshaondoka, atakayezichukua hajafika, na hawatakutana kamwe. Vivyo hivyo na masanduku yanayoachwa kando ya njia, yameandikwa kwamba vilivyomo ni vya bure: vikombe, viatu vya watoto, vitabu, taa isiyo na balbu. Jiji linayahesabu kuwa ni utupaji taka na unaweza kutozwa faini. Watu wanaendelea kuyaweka.

Mambo ya vifurushi nayo ni hadithi. Mleta vifurushi asipokukuta nyumbani anamwachia jirani, halafu kwenye sanduku lako la barua unakuta kikaratasi cha kukuelekeza kwa nani ukachukue. Katika jengo letu jirani huyo ni bibi mmoja wa ghorofa ya kwanza. Ukumbi wake umejaa maboksi ya watu, na hakuna aliyempa kazi hiyo. Sikukuu ya Idd nikampelekea sahani ya pilau. Kesho yake sahani ikarudi: imeoshwa, imefungwa kwa karatasi laini, ndani mna chokoleti na kadi ya shukrani. Kumbe hata yeye alilelewa kwamba sahani ya jirani hairudi tupu! Ila aliiweka kwenye zulia la mlangoni, kengele hakuibonyeza, nami nilikuwa ndani nakunja nguo.

Shangazi yangu wa Mbagala, Dar es Salaam, nilipomsimulia kwenye simu alikereka. "Sasa mwanangu, huyo bibi amekuja kwako au amekuja mlangoni kwako?"

Swali lake ni la haki kwa mtu aliyezeeka kwenye daladala. Panda gari la Mbagala jioni ukitokea Kariakoo, limeshona, umeshika bomba juu na begi linakuvuta bega. Aliyekaa, ambaye hujawahi kumwona, anakunyang'anya begi: "Lete nikushikie, dada." Ukiwa na mtoto hata huombwi ruhusa. Anapokewa mkono hadi mkono mpaka anatua kwenye mapaja ya mama wa dirishani, na hapo mahojiano yanaanza. Ni wa kwanza huyu? Mbona hujamvika kofia? Baba yake yuko wapi? Mkifika Mtoni kwa Aziz Ali anajua kwenu ni wapi, ameshakuelekeza dawa ya mafua, na ameshakukaripia kwa jambo moja au mawili. Nauli ya wa nyuma inapita mikononi mwa watu sita hadi kwa konda, chenji inarudi kwa njia ileile, na haipungui.

Halafu kuna denti. Nauli ya mwanafunzi Dar ni shilingi 200, kwa hiyo konda anamzuia mlangoni, maana kwake nafasi ya denti ni hasara. Ghafla sauti inatoka kiti cha nyuma: "We konda, mwache mtoto apande! Wa kwako hasomi?" Mwingine anadakia, mwingine anamtajia konda mama yake, gari zima linageuka baraza. Konda anasonya, denti anapanda. Watu haohao wakizidishiwa nauli wao wenyewe watanung'unika na kulipa.

Huku, siku moja wakaguzi wa tiketi walimkamata mvulana asiye na tiketi kwenye treni ya U8. Faini ni yuro 60. Mvulana alikuwa amekaribia kulia, na behewa zima lilikuwa linaangalia simu. Si kwamba hawakumhurumia. Niliona mama mmoja akiuma midomo. Lakini kumtetea mtu mbele ya mwenye kitabu cha faini si desturi yao. Kubeba kigari, ndiyo. Kupaza sauti kwa ajili ya mtoto wa mwenzio, hapana. Nilikumbuka ile sauti ya kiti cha nyuma, nikatamani iwepo.

Pamoja na hayo, tukijisifu kwamba sisi ndio wenye ukarimu huwa naguna. Begi linapakatwa kwa sababu viti havitoshi. Denti anatetewa kwa sababu nauli yake haimlipi konda, na hakuna anayemfidia konda huyo. Kwenye upungufu ndiko wema wetu ulikosomea, na huku Berlin nako ni hivyohivyo: mkono wa kubeba kigari unajitokeza siku lifti imekufa. Lifti ikiwa nzima hakuna anayekutupia jicho. Kwetu vilivyoharibika ni vingi, basi tumefanya mazoezi sana.

Anayedhani wema huo tumezaliwa nao aende Kimara. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, mwanafunzi alianza kukata tiketi yake dirishani, konda wa kuzozana naye hayupo, na hakuna aliyemlilia konda huyo. Lakini humo humo, kati ya Kimara na Kivukoni, nimesimama na mzigo begani huku waliokaa wakitazama magari nje ya kioo. Jiji ni lilelile na watu ni walewale wa kwenye daladala. Wakati wa kupanda ndio usiseme. Ambaye hajawahi kula kiwiko Kimara saa kumi na mbili asubuhi asinifundishe habari za utu wa Mswahili.

Ajalini ndipo naona Wajerumani wametuzidi, na wametuzidi kwa sababu hawakuliacha jambo mikononi mwa roho nzuri ya mpita njia. Kifungu cha 323c cha sheria yao ya jinai kinasema anayekuta ajali na asisaidie, ilhali angeweza kusaidia bila kujihatarisha, anaweza kupigwa faini au kufungwa hadi mwaka mmoja. Leseni ya gari nayo hupewi bila kozi ya huduma ya kwanza, na gari lazima liwe na boksi la bandeji. Kwetu wanaokimbilia majeruhi ni bodaboda na wauza matunda. Wanambeba msobemsobe hadi kwenye bajaji, shingo inaning'inia, maana hakuna aliyewahi kuwaonyesha namna ya kuishika. Baada ya hapo kuna fomu ya polisi ya PF3, kuna kuandikisha maelezo, kuna kuja kesho na keshokutwa. Nimesikia madereva wakisema waliona mtu amelala barabarani wakakanyaga mafuta, si kwa ukatili, kwa kuogopa kuulizwa "wewe ulikuwa wapi". Roho ipo. Wanachokosa watu hawa ni kozi ya siku moja na uhakika kwamba anayesaidia hatageuzwa mtuhumiwa.

Wakati wa baridi Berlin kuna basi dogo la shirika la Berliner Stadtmission, linazunguka usiku kuanzia Novemba hadi Machi, na limefanya hivyo tangu 1994. Ukimwona mtu amelala nje unamuuliza kama anataka msaada, akikubali unapiga simu, na basi linamfuata: chai, blanketi, kupelekwa kwenye malazi. Kisha unakwenda zako nyumbani. Jina lake huenda usilijue. Yule bwana anayelala barazani mwa duka Kariakoo, kinyume chake, ana jina la utani mtaa mzima, mama ntilie anamwekea sahani, wauza mitumba wanamtania na kumpa jezi ya timu wanayoshabikia. Akishikwa na homa saa nane za usiku, hakuna anayejua namba ya kupiga.

Ningekuwa mimi ndiye niliyelala nje, mchana ningetaka niwe Kariakoo. Usiku wa Januari ningechagua lile basi, nikae kimya, wasiniulize lolote. Shangazi nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama hiyo chai wanayogawa ina sukari.