Jibu na Njia Yake

Nilimaliza mafunzo ya ualimu Mpwapwa wakati shule zetu zilipokuwa zinafurika. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa, na Januari 2002 wazazi walileta watoto wa kila umri kuandikishwa. Nilipangiwa shule ya kijijini mkoani Dodoma, nikakabidhiwa darasa la kwanza, lililojaa hadi mlangoni. Walimu wenzangu walinipa pole, kwa kuwa darasa hilo lilihesabiwa kuwa la mwalimu asiye na bahati. Mimi nililipenda, na hadi leo ndilo darasa ninalolitetea popote ninapopewa nafasi ya kusema.

Upimaji wa hesabu tulioukuta ulikuwa mmoja: maswali kumi ubaoni, watoto wananakili na kujibu, mwalimu anatia alama ya vema au kosa. Daftari lilinionyesha nani amekosa, lakini halikunieleza sababu.

Mvulana mmoja wa darasa la pili, ambalo nalo nililifundisha, aliandika 38 + 24 = 512. Nilimwita mezani nikamwambia, “Nifanyie tena, nikuone.” Akaanzia kushoto: tatu na mbili, tano, akaandika. Nane na nne, akahesabu vidole, kumi na mbili, akaandika. Hapakuwa na hatua hata moja aliyoikosea kuhesabu. Alichokosa ni kujua kwamba ile 3 ni makumi matatu. Tukachukua vijiti, tukavifunga kumi kumi kwa mpira. Mafungu matatu na vijiti vinane huku, mafungu mawili na vijiti vinne kule. Alipokusanya vile visivyofungwa akapata kumi na viwili, na bila kuambiwa akafunga fungu jipya. “Mwalimu, ni sitini na mbili!” Tangu hapo nikawa mwalimu wa kuuliza, “Umepataje?” hata jibu linapokuwa sahihi.

Mwaka 2013 ulifanyika upimaji wa kitaifa wa stadi za awali za kusoma na kuhesabu kwa darasa la pili, nami nikawa miongoni mwa wapimaji. Kazi ile ina adabu yake. Mtoto hupimwa peke yake, kwa mdomo, na huombwa ridhaa kwanza. Akikataa, anarudi darasani bila kulaumiwa. Unamwekea karatasi ya namba, unabonyeza saa: sekunde sitini za kujumlisha, sitini za kutoa. Akinyamaza kwa muda, unamwelekeza swali linalofuata kwa upole. Humwambii amepata wala amekosa, na uso wako nao usimwambie.

Maswali mepesi ya kujumlisha, wengi waliyapita mbio. Tulipofika kwenye namba inayokosekana, mwendo ulikatika. 5, 10, 15, kisha nafasi wazi. Mtoto baada ya mtoto alinijibu, “Kumi na sita.” Walikuwa wanajua vizuri kinachofuata kumi na tano, kwa sababu tuliwafundisha kuimba namba kwa pamoja kuanzia moja hadi mia, lakini kuutazama mpangilio wa namba tulikuwa hatujawafundisha. Matokeo ya nchi nzima yalikwenda njia hiyo hiyo: hesabu za kukariri zilikuwa juu, zile zinazodai kufikiri zikawa chini sana.

Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulipoanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, nilianza kuwafundisha walimu wenzangu katika kata. Swali lao lilikuwa lile lile kila mahali: “Darasa lina watoto mia, nitamsikiliza nani?” Niliwajibu kwa nilichokuwa nakifanya mwenyewe. Wengine wakiwa kwenye zoezi, ita watano. Watano kwa siku, ndani ya mwezi wa masomo umewamaliza wote mia. Muulize kila mmoja nane jumlisha tatu, uangalie vidole na midomo. Mmoja atahesabu vyote upya kuanzia moja. Mwingine atashika nane kichwani na kuendelea: tisa, kumi, kumi na moja. Wote wamepata, wote wangetiwa vema, lakini yule wa kwanza atakwama namba zikikua, na mwalimu anaweza kulijua hilo mapema akamsaidia.

Nimeona pia upimaji ukitumiwa vibaya. Katika wilaya moja alama zilibandikwa ukutani, shule zikapangwa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Muhula uliofuata walimu wakawa wanawakaririsha watoto aina zile zile za maswali. Alama zikapanda, na watoto wakabaki hawajui thamani ya makumi. Kipimo cha mtoto wa miaka saba kinatakiwa kumwambia mwalimu afundishe nini kesho asubuhi. Kikigeuzwa mashindano ya wakubwa, mtoto hapati kitu.

Ninachodai kwa wakuu wa shule na maafisa elimu kinawezekana. Darasa la kwanza lipewe walimu hodari kuliko wote, wasihamishwe kila mwaka, na ratiba iwape nafasi ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja. Vijiti vinaokotwa nje ya darasa na visoda viko kila dukani. Kinachobaki ni mwalimu mwenye subira ya kusubiri mtoto amalize kufikiri.