Kwa Nini Mpira wa Gofu Hupasuka

Wasomaji wetu wengi hawakupata kuucheza mchezo wa gofu, wala mimi sikuucheza. Lakini wakaao jirani na viwanja vyake wanaufahamu vema, maana vijana wao huenda huko kuchukua mifuko ya fimbo na kutafuta mipira iliyopotea majanini. Mpira wenyewe ni mdogo. Upana wake ni karibu milimita 43, na uzito wake haupiti gramu 46. Ukiushika mkononi utadhani ni jiwe, wala huwezi kuamini ya kuwa kitu kigumu namna hii chaweza kupasuka vipande viwili kwa pigo moja. Na kwa kuwa watu hawaamini, aliye karibu na mpira ndiye atiwaye hatiani. Ndiyo sababu nimeona yafaa kuandika habari hii.

Zamani huko Uskoti, mchezo huu ulikokulia, mpira ulikuwa mfuko mdogo wa ngozi uliojazwa manyoya ya bata bukini. Manyoya yalichemshwa, yakashindiliwa yangali majimaji ndani ya ngozi iliyolowana, kisha mshono ukafungwa. Ngozi ilipokauka ilijikaza, na manyoya yakavimba, hata mpira ukawa mgumu ajabu. Fundi stadi aliweza kufanya mitatu au minne tu kwa siku, kwa hiyo bei yake ilikuwa kubwa. Lakini ukilowa mvua, mshono ulilegea na manyoya yakatoka nje.

Mwaka 1848 ukatokea mpira wa gutapacha, yaani utomvu wa miti ya nchi za Malesia. Huo haukuogopa mvua, ila uliogopa baridi. Siku za baridi ulikuwa kama kigae, ukipigwa huvunjika na vipande huruka huku na huku. Sheria za siku zile zilimruhusu mchezaji kuweka mpira mwingine pale kilipoangukia kipande kilicho kikubwa kuliko vyote. Wala hasara haikuwa kubwa, kwani gutapacha hulainika katika maji ya moto, na mpira waweza kufinyangwa upya. Allan Robertson, fundi mashuhuri wa mipira ya manyoya katika mji wa St Andrews, aliuchukia sana mpira huo, hata akakosana na Tom Morris aliyefanya kazi pamoja naye. Mimi simlaumu sana. Ni nani afurahiye kuona kazi ya mikono yake inaondolewa?

Kisha mwaka 1898 Mmarekani mmoja, Coburn Haskell, alibuni mpira uliozungushiwa ndani uzi mwembamba wa raba uliovutwa kwa nguvu. Uliruka mbali, lakini ganda lake lilikatwa upesi na fimbo ya chuma, mkato wake ukafanana na mdomo unaocheka. Mipira ya leo kwa kawaida haina uzi huo. Ndani mna kiini cha raba ya kiwandani, na nje ganda la plastiki.

Basi mbona hii nayo hupasuka? Fimbo inapougonga mpira hugusana nao kwa nusu tu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini katika muda huo mpira hubonyea, kisha hujirudi. Kwa pigo la mtu mwenye nguvu, uzito unaoulemea hupita magunia matano ya mahindi ya kilo 90. Ukigongwa kwa uso wa fimbo, mpira hustahimili. Ukigongwa kwa ukingo wa chuma, nguvu zote hukusanyika katika mstari mmoja, na ganda hukatika. Jiwe na njia ya saruji hufanya vivyo hivyo. Mchezaji hauoni mkato ule, au huona akapuuza. Naye kila apigapo huufungua ufa kidogo zaidi. Tena uko mpira uliotoka kiwandani na kasoro ndani ya kiini. Wafinyanzi wanalijua jambo hili: chungu chenye kokoto udongoni hupasukia motoni, na mpishi ndiye alaumiwaye.

Mdogo wangu alipokuwa na umri wa miaka 17 alichukua mfuko wa mchezaji mmoja, nami sitautaja uwanja. Mpira ukapasuka kwa pigo la kwanza katika shimo la saba. Nusu ikaanguka karibu, nusu ikapotelea majanini. Mchezaji akasema kijana ameuiba mpira mzima na kumpa mbovu. Ujira wake ukazuiliwa, naye akafukuzwa kwa jina la mwizi. Jioni akatuletea ile nusu, nami na baba tukaitazama mwangani. Palipopasuka palikuwa na rangi mbili: karibu na ganda, kadiri ya upana wa kidole, palikuwa peusi kwa tope lililokauka, kwingine kote palikuwa safi. Na juu ya lile tope, katika ganda, ulikuwapo mkato wa chuma. Ufa wa leo hauwezi kuwa na tope la juzi. Zaidi ya hayo, alama ya wino ya mchezaji mwenyewe ilikuwa ingalipo.

Asubuhi baba akaifunga nusu ile katika leso, akampelekea msimamizi wa wachukuzi. Msimamizi aliigeuza mara nyingi bila kusema, kisha akamrudisha kijana kazini. Ujira wa siku ile haukulipwa hata leo.

Sheria za gofu, tangu zilipoandikwa upya mwaka 2019, zasema wazi katika kifungu cha 4.2: mpira ukivunjika vipande kwa pigo, hakuna adhabu, pigo halihesabiwi, na mchezaji hupiga mwingine kutoka mahali pale pale. Ukipata ufa au mkato wakati wa kucheza shimo hilo, aweza kuubadili. Ukikwaruzika tu, hawezi.

Vijana wa kwetu sasa wana desturi yao. Kabla ya kumpa mchezaji mpira, huupitishia ukucha pande zote. Wakikuta mkato, humwonyesha mwenyewe mbele ya mwenzake, kisha humwuliza kama angali anautaka.