Bunduki Yangu Husikika Mbali, Hupiga Karibu

Mimi ni mkulima wa Simbo, mkoani Kigoma. Ninalima mihogo, mahindi na maharage. Nina michikichi michache bondeni. Pia nina bunduki moja. Bunduki hiyo ni gobore. Niliirithi kwa baba yangu. Alipofariki, sikuichukua tu na kuitundika ukutani. Ilipelekwa kwanza kituo cha polisi. Nikaomba kibali kwa jina langu. Nilipokipata, ndipo nikaruhusiwa kuichukua.

Vijana wa kijijini huniuliza swali moja mara kwa mara: "Mzee, bunduki yako inapiga mbali kiasi gani?" Swali hilo linahusu mazao yetu. Pia linahusu uhai wa watu. Kwa hiyo nimeona nilijibu hapa, ili wengi walisome.

Gobore ni bunduki ya namna gani?

Gobore hujazwa kwa mdomo wa mtutu. Kwanza unamimina baruti. Kisha unatia kitambaa na kukishindilia kwa mdeki. Halafu unatia risasi na kushindilia tena. Mwisho unaweka fataki nyuma ya mtutu. Ukivuta kifyatulio, nyundo hupiga fataki. Fataki huwasha baruti. Moshi mzito hutoka, na risasi huenda.

Ukishapiga mara moja, basi. Lazima uanze upya: baruti, kitambaa, risasi, fataki. Nguruwe hakusubiri. Nyani naye hakusubiri.

Bunduki za namna hii zimekuwako kwetu kwa muda mrefu. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Ilileta nguo, shanga na bunduki. Ilirudi pwani na pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1871 Stanley alifika Ujiji akimtafuta Livingstone. Watu wa msafara wake walifyatua bunduki walipokaribia mji, ili wenyeji wajue kwamba wageni wanakuja. Hawakuwa wakimlenga mtu. Walitaka mlio wao usikike. Nitarudi kwenye jambo hili la mlio.

Bunduki inayojijaza yenyewe

Nilipokuwa kijana nilipata mafunzo ya mgambo. Huko tulitumia bunduki tuliyoiita SAR. Jina lake la kiwandani ni SKS. Ilibuniwa na Mrusi aitwaye Simonov katika miaka ya 1940. Inabeba risasi 10. Ukipiga risasi moja, gesi ya baruti inasukuma mtambo nyuma. Ganda linaruka nje. Risasi ya pili inaingia yenyewe. Wewe unavuta kifyatulio tena, na inalia tena. Kwa kuwa lazima uvute kifyatulio kwa kila risasi, bunduki hii huitwa nusu otomatiki.

Ndani ya mtutu wake kuna mifereji inayozunguka. Mifereji hiyo huizungusha risasi. Risasi inayozunguka huenda imenyooka, kama vile pia ya watoto inavyosimama wima inapozunguka. Mtutu wa gobore langu ni laini ndani. Hauna mifereji. Risasi yake huyumba njiani.

Risasi ya SAR hutoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde moja. Hebu fikiri uwanja wa mpira. Kutoka goli hadi goli ni kama mita 100. Kama mwendo huo usingepungua, risasi hiyo ingepita viwanja 7 katika sekunde moja. Risasi ya gobore ni nzito, tena ya mviringo. Inatoka polepole zaidi, na hewa huipunguzia mwendo upesi.

Basi, je, kwa SAR tulipiga mbali? Kwa mita 100 niliipata shabaha vizuri. Kwa mita 300 mambo yalikuwa mengine. Niliponyanyua bunduki, kile kinundu cha mbele cha kulengea kilikuwa kipana kuliko shabaha yenyewe. Kiliifunika yote. Bunduki ilikuwa na nguvu ya kufika. Jicho langu ndilo halikufika.

Hapo ndipo vijana husema: "Laiti tungekuwa na bunduki kama hiyo mashambani!" Mimi huwajibu mambo mawili.

La kwanza, sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa bunduki inayojijaza risasi baada ya risasi. Mnyama hapewi nafasi yoyote mbele ya bunduki ya namna hiyo. Na mtu aliye nyuma ya mnyama hapewi nafasi pia.

La pili, sisi watu wa Kigoma tunazijua bunduki za vita. Tulipokea wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972, tena mwaka 1993, na tena mwaka 2015. Mwaka 1996 tulipokea wakimbizi kutoka Kongo. Watu wale walifika na watoto mgongoni, bila chungu wala jembe. Walikimbia bunduki. Silaha nyingine zilivuka mpaka kwa magendo, zikaingia mikononi mwa majambazi. Kwa hiyo sitamani kuona bunduki za vita kwenye mashamba ya mihogo.

Nilivyoipima yangu

Msimu mmoja nilitaka kuijua bunduki yangu kwa hakika. Nilitoa taarifa kwa uongozi wa kijiji na kwa polisi. Nilichagua kichuguu kikubwa chenye mlima nyuma yake. Majirani waliambiwa wasipite huko asubuhi hiyo. Nikatandaza gunia moja juu ya kichuguu.

Nilisimama hatua 30. Nikapiga risasi 5. Zote 5 zilitoboa gunia.

Nikarudi nyuma hadi hatua 60. Nikapiga tena risasi 5. Mbili tu zilitoboa gunia.

Nikarudi hadi hatua 100. Nikapiga risasi 5. Hakuna hata moja iliyotoboa gunia. Moja niliiona imechimba udongo mbele ya kichuguu. Nyingine zilikwenda kushoto na kulia.

Bunduki ni ile ile. Baruti ni ile ile. Mikono ni ile ile. Umbali tu ndio uliobadilika.

Kwa nini risasi hushuka?

Wengi hudhani risasi huenda moja kwa moja kama kamba iliyovutwa. Sivyo. Risasi huvutwa na ardhi kama jiwe. Huanza kushuka mara tu inapotoka kwenye mtutu.

Kitu kinachoanguka hushuka zaidi ya mita 1 katika nusu sekunde. Sasa hesabu. Risasi ya SAR hufika mita 100 upesi sana. Kwa muda huo imeshuka kiasi cha upana wa kiganja. Risasi ya gobore huchukua muda mrefu zaidi kufika hapo. Kwa hiyo hushuka zaidi ya nusu mita. Ukilenga kichwa cha nguruwe, utapiga mguu au udongo.

Kijana mmoja aliniambia: "Basi, mzee, si ulenge juu kidogo?" Nilimuuliza: "Juu kiasi gani?" Ili ujue, lazima ujue umbali kamili. Jioni, kwenye mteremko, ni nani awezaye kusema kama ni hatua 80 au 120? Tena kushuka si tatizo pekee. Risasi ya gobore huyumba pia kushoto na kulia. Hakuna kulenga kunakoweza kurekebisha hilo.

Hatari ya kupiga mbali

Hatari ya kwanza ni kumjeruhi mnyama bila kumuua. Nguruwe pori aliyejeruhiwa hukimbilia kichakani. Hapo ni mkali kuliko alivyokuwa. Kesho yake mama au mtoto anapita hapo kutafuta kuni. Aliyepiga risasi yuko nyumbani. Anayekutana na nguruwe ni mwingine.

Hatari ya pili ni risasi iliyokosa. Haisimami pale shabaha ilipo. Huendelea mbele. Mbele kuna shamba la jirani, njia ya kwenda mtoni, au nyumba.

Hatari ya tatu ni macho. Siku moja jioni nilikuwa shambani na kijana wa jirani. Kwenye mihogo, mbali kama hatua 150, kulikuwa na kitu cheusi. Kiliinama, kikainuka kidogo, kikainama tena. Kijana alininong'oneza: "Nguruwe huyo, mzee! Piga!"

Nikamwambia: "Mwanangu, twende tumwone kwanza."

Tulizunguka taratibu kwa ukingo wa shamba. Tulipofika karibu, tuliona kitenge. Alikuwa mama mmoja jirani yetu, mtu mzima. Alikuwa akichimba mihogo yake ya chakula cha usiku. Alituamkia, akauliza habari za nyumbani. Kijana hakuweza kujibu. Alikaa chini, akashika kichwa.

Kwetu Kigoma kuna jambo jingine. Tuna sokwe. Gombe ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, na Mahale mwaka 1985. Lakini sokwe wengine huishi nje ya hifadhi hizo, kwenye misitu iliyo karibu na watu. Sheria inawalinda. Kwa mbali, jioni, sokwe, nyani dume na mtu aliyeinama hufanana. Huwezi kuwatofautisha mpaka usogee.

Mlio ndio unaofika mbali

Je, gobore halina faida kwa mbali? Lina faida, nayo ni mlio.

Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na mlio wa gobore hutapakaa bonde zima. Husikika mahali ambapo risasi yake haifai kitu. Nyani wakishuka mlimani kuja kwenye mahindi, mimi siwafuati kwa risasi. Ninajaza baruti kidogo na kitambaa, bila risasi. Ninaelekeza mtutu kwenye udongo wa mlima, mahali pasipo na mtu. Ninafyatua. Nyani wote hukimbia. Kwa siku ile mahindi yamepona, na hakuna damu.

Lakini jihadharini. Hata bila risasi, kitambaa na moto vinaweza kumuumiza aliye karibu. Usimwelekezee mtu kamwe. Tena, nyani si wajinga. Wakisikia mlio kila siku, huuzoea. Kwa hiyo sisi hubadilisha. Leo tunapiga debe. Kesho tunalinda kwa zamu, watu wazima wawili au watatu kila pembe. Keshokutwa gobore linalia. Nguruwe wa usiku tunawazuia kwa moto na kwa kufyeka vichaka vilivyo ukingoni mwa shamba. Kichaka kikiondoka, nguruwe hana pa kujificha.

Wanyama wakizidi, tunatoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, naye huwaita watu wa wanyamapori. Kibali cha kumiliki bunduki si kibali cha kuwinda. Kuwinda kuna leseni yake.

Mambo ya kukumbuka

Ndugu wasomaji, kama una bunduki, au jirani yako anayo, kumbukeni haya:

1. Ijue bunduki yako inafaa hatua ngapi. Yangu ni hatua 30. Zaidi ya hapo sipigi risasi.

2. Usipige kitu usichokitambua. "Nadhani ni nguruwe" haitoshi. Lazima uweze kusema, "Ninamwona nguruwe."

3. Tazama nyuma ya mnyama. Kama hakuna mlima au udongo wa kuizuia risasi, acha.

4. Giza likiingia, ondoa fataki. Kazi ya bunduki imekwisha kwa siku hiyo.

5. Bunduki ifungiwe, mbali na watoto. Baruti iwekwe mbali na moto.

6. Usimwazime mtu. Bunduki na kibali ni vya jina moja. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inasimamia mambo haya. Ukiwa na shaka, uliza polisi.

7. Ukijua ipo bunduki isiyo na kibali, toa taarifa. Usisubiri mtu afe.

Mnyama aliye mbali akinitoroka, hunigharimu mahindi ya siku moja. Hilo ni jambo chungu kwa mkulima, lakini mahindi nitapanda tena msimu ujao. Yule mama aliyekuwa akichimba mihogo bado yupo. Juzi alituletea kibuyu cha mawese. Yule kijana ndiye aliyekipokea kwa mikono miwili. Siku hizi, tukilinda shamba pamoja, yeye ndiye wa kwanza kusema, "Mzee, tusogee kwanza."