Kuchora Usiku kwa Rangi za Maji

Ndugu msomaji, mama yangu aliponiomba nimchoree picha ya marehemu baba, nilibabaika. Baba hakuacha picha ya kutazamika nyumbani kwetu Nyangamara, mkoa wa Lindi. Iliyokuwapo ni ile ndogo ya kitambulisho, nayo jasho la mfukoni lilikwisha kuufuta uso. Nami ni mchoraji wa kujifunza mwenyewe, wa rangi za maji. Nachora mkorosho, mtumbwi, hata msikiti, lakini sura ya mtu sijapata kuichora, wala moyo haujaniruhusu.

Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyemwendea Ibn Abbas r.a. akamwambia kwamba riziki yake yatokana na kutengeneza picha. Ibn Abbas alimwonya, na alipomwona amefadhaika akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Wanavyuoni wamesema mengi juu ya jambo hili, nami si mtu wa kulifungua hapa. Nimeshika mlango ule alioonyeshwa fundi yule, na wanitosha. Nilipomweleza mama hakukasirika. Alisema tu, "Basi, mwanangu, nichoree mahali pake."

Mahali pake ni barazani, baada ya Magharibi, alipokuwa akisomesha watoto. Nikaazimia kuchora baraza tupu: mkeka, marufaa, kandili na usiku.

Nilidhani usiku ni mweusi. Nilikoroga rangi nyeusi nikapaka, ikatoka kama masizi ya chungu. Ikanibidi niende kukaa nje nikatazame. Macho hutaka karibu nusu saa kuzoea giza, na mwenye papara hatoki na kitu. Mbalamwezi, hata mwezi ukiwa mpevu, ni hafifu kuliko jua mara laki nne hivi, na katika mwanga mdogo namna hiyo macho yetu hayatambui rangi sawasawa. Nyekundu ndiyo hutangulia kufa. Kanga nyekundu ya mama iliyokuwa kambani ilionekana nyeusi kabisa, na majani ya mkorosho, ambayo mchana hayang'ari mbele yake, yalikuwa meupe-meupe. Tangu siku hiyo usiku wangu huukoroga kwa buluu na hudhurungi, wala kopo la nyeusi silifungui.

Jambo jingine: usipake rangi kwa mwanga wa kandili. Mwanga ule ni wa manjano, hukudanganya; manjano huioni karatasini, na buluu huidhania nyeusi. Usiku nilichora kwa penseli tu na kuandika pembeni nilichokiona, nikapaka rangi asubuhi.

Lakini shida kubwa ilikuwa ile kandili. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, kusini huku huku kwetu, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi nzito za mafuta juu ya hadibodi. Rangi ile hufunika iliyo chini yake, hata ukiweka nyeupe juu ya nyeusi itakaa. Rangi ya maji haifuniki. Weupe wake ni weupe wa karatasi yenyewe, na ukishaupaka giza umekwenda. Mimi nilipaka usiku wote kwanza, nikasema taa nitaiwasha mwishoni. Nilijaribu kufuta kwa maji, nikajaribu kukwangua kwa wembe, karatasi ikatoboka. Iko rangi nyeupe nzito iuzwayo kwa kazi hiyo, lakini ikikauka hufanana na chokaa, si moto.

Karatasi ya pili nilianza na taa. Niliacha doa jeupe kiasi cha ukucha, nikalizungushia manjano nyepesi, nikangoja likauke. Ilikuwa masika, nikangoja sana. Ndipo nikaleta usiku, mkupuo mmoja bila kurudiarudia, maana ukirudia hugeuka tope. Nao niliupaka mzito kuliko nilivyotaka, kwa kuwa rangi hii ikikauka hupauka.

Nikampelekea mama. Akaitazama kimya, kisha akaweka kidole juu ya taa.

"Hii umeiweka chini, mkekani."

"Si ndipo ilipokuwa ikikaa, mama?"

"Wakati wa kusomesha, ndiyo. Watoto wakishaondoka babako aliitundika msumarini, pale juu ya mlango. Ulipokuwa Lindi kazini, siku uliyosema utakuja, aliitundika uione tokea njiani. Ile Idi uliyosema utakuja usije, ilikaa pale mpaka mafuta yakaisha. Nilimwambia aingie ndani akalale, akasema huenda gari limeharibika."

Ndugu msomaji, gari halikuharibika. Nilikuwa Lindi na wenzangu, na hata salamu sikutuma. Baba alipokuja kuonana nami baadaye hakunitajia habari ya taa, wala mimi sikumwomba radhi, kwa kuwa sikujua kuna la kuombewa.

Nilikwenda kuutafuta ule msumari. Upo bado, umeshika kutu, juu kuliko nilivyokumbuka. Baba alikuwa mrefu. Nikapima kwa mkono kutoka kizingitini, nikarudi ndani, nikatandaza karatasi ya tatu. Kabla ya kulowesha brashi nikatia alama ya penseli pale juu, mahali pa kuacha peupe.