Kwao ni Muheza: Tulilifuata Ua la Sebuleni Hadi Usambara

Ingia benki yoyote pale Posta, saluni ya maana Sinza au mapokezi ya hoteli Masaki, kuna ua moja utalikuta tu limesimama kwenye kona. Majani mazito ya kijani kilichoiva, yanang'aa kana kwamba kuna mtu kayapaka mafuta ya nazi asubuhi. Wauza maua wa barabarani wanaliita ZZ. Ukiuliza bei, utasikia 35,000, na ukishtuka unapewa sababu mbili bila kusita: "Hili la nje, dada. Halafu halifi."

Hiyo ya kutokufa ina ukweli mwingi, tutafika huko. Ila hiyo ya "la nje" ndiyo iliyonipandisha basi la Tanga.

Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia. Kwao si Uholanzi wala Thailand. Kwao ni huku huku kwetu: pwani ya Kenya, Tanzania Bara na Visiwani, kisha kushuka Malawi, Msumbiji na Zimbabwe hadi kaskazini-mashariki mwa Afrika Kusini. Kati ya sehemu linakopatikana ni Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Yaani lile ua ulilonunua kwa pesa nyingi kama zawadi ya harusi ya shoga yako, ndugu zake wapo porini, mwendo wa nusu siku kutoka Dar es Salaam.

Mimi na mume wangu tulikuwa na siku tatu za mapumziko mwishoni mwa Februari. Wenzetu huvuka maji kwenda Zanzibar kufufua mapenzi. Sisi tukaenda kutafuta ua. Usicheke kwanza, soma hadi mwisho.

Machungwa, vumbi na baridi ya ghafla

Kutoka kituo cha mabasi cha Mbezi unapita Chalinze, unafika Segera, unashika njia ya Tanga na kushuka Muheza. Utajua umefika kwa sababu ya machungwa: yamepangwa kwenye mafungu, yamejaa kwenye nyavu, yanaletwa hadi dirishani. Hapo Muheza tukakodi gari, maana barabara ya kupanda Amani ni ya vumbi na mawe. Ni kilomita zisizozidi 40, ila usizipigie hesabu ya lami.

Njia inapanda taratibu kupitia mashamba na vijiji, halafu ghafla miti inakufunika na unafunga dirisha kwa sababu ya baridi. Zigi ndiko lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, na kituo cha wageni kiko kwenye nyumba ya enzi za reli ya Wajerumani. Juu zaidi, Amani kwenyewe, kuna bustani ya mimea waliyoianzisha mwaka 1902, ikajazwa miti ya kila pembe ya dunia. Ukiwa na mwenzi wako na hamna haraka, panda huko: msitu upande mmoja, chai upande mwingine, na simu haishiki vizuri. Hayo peke yake ni matibabu ya ndoa.

Lakini ZZ si mtu wa kule juu kwenye ukungu. Yeye ni wa chini, kwenye miteremko yenye joto na mawe, ambako masika yakichelewa kila kitu kinakauka.

Kumbe ni ndugu wa gimbi

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnataka vipepeo, ndege au maporomoko?"

Tukamwambia tunataka ua. Kiongozi wetu, mzee mwembamba mwenye fimbo na mabuti ya mvua, akatutazama kwa muda, akatabasamu. Nadhani hajapata wageni wengi wa aina hiyo.

Tulitembea kama saa nzima. Nilikuwa nategemea kukuta kichaka kinachong'aa kama kwenye mapokezi ya hoteli. Mzee akasimama kwenye mwamba na kuonyesha kwa fimbo: "Hilo hapo." Nikaona vijiti viwili vitatu vya kijani vimechomoza kwenye ufa wa jiwe, vingine vimebaki vitupu, na vijani vimedondoka chini. Kwa macho ya mjini, ua limekufa.

"Halijafa," akasema mzee. "Limefunga duka. Mvua ikija litafungua."

Akafukua udongo kidogo kwa vidole, bila kulitikisa, tukaona siri yenyewe: kiazi. Cha mviringo, rangi ya udongo mkavu, kinene. Humo ndimo maji yanamohifadhiwa. Kile tunachokiita shina nacho si shina. Ni jani moja refu lenye vijani vingi, linachomoza moja kwa moja kutoka kwenye kiazi, na sehemu kubwa yake ni maji. Wanasayansi waliopima walikuta maji asilimia 91 kwenye vijani na 95 kwenye kikonyo chake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha pia kwamba likibanwa na ukame, ua hili linaweza kuvuta hewa ya kabonidayoksaidi usiku, kama nanasi, ili lisipoteze maji mchana. Kiangazi kikizidi linaangusha vijani vyake na kubaki na kiazi tu, likisubiri.

Kama kiazi hicho kinakukumbusha kitu, hujakosea. ZZ ni wa ukoo mmoja na magimbi, na hata jina lake linasema hivyo: hiyo "culcas" inatokana na neno la Kiarabu la gimbi. Ndiyo maana pia halifai kutafunwa. Lina chembe chembe zilezile zinazokuwasha koo ukila gimbi bichi. Kwa hiyo wenye watoto wa kutambaa, paka au mbwa, liwekeni juu, na ukilikata nawa mikono.

"Hilo halichimbwi, bwana"

Mume wangu alikuwa ameshachuchumaa. Namjua: akipenda kitu anataka kuondoka nacho. "Mzee, hiki kimoja tu," akasema, "tukakiweke nyumbani kama kumbukumbu."

Mzee hakupandisha sauti. Aliweka fimbo yake katikati ya mkono wa mume wangu na jiwe. "Hilo halichimbwi, bwana. Hapa ni hifadhi. Halafu kiazi kama hicho ni cha miaka. Wewe unakiona kimoja, na mwenzako wa kesho atakiona kimoja. Mwisho mimi nitawaonyesha wageni jiwe."

Tulirudi kimya kwa muda. Mume wangu alikuwa amenuna kidogo, mimi nilikuwa nafikiria historia. Vilima hivi vimeshawahi kutoa ua jingine. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao kimmea chenye maua ya zambarau kutoka maeneo haya. Mwaka uliofuata kikapewa jina lake: Saintpaulia. Leo kinapamba madirisha ya Ulaya na Marekani, na mabibi wa kule wanakishindania tuzo. ZZ nalo liliandikwa vitabuni London tangu 1829, ila biashara yake kubwa ilianza mwaka 1996 hivi, mabustani ya Uholanzi yalipoanza kulizalisha kwa wingi. Likasambaa dunia nzima, na sisi tukaanza kuliita la nje.

Sina ugomvi na Waholanzi. Kazi yao wameifanya vizuri, na ua lililozalishwa bustanini halijamnyang'anya mtu msitu. Kinachouma ni sisi tulio nalo mlangoni kutolijua, na tukishalijua, wa kwanza wetu anataka kuling'oa.

Mama wa makopo

Wakati wa kushuka, mzee akatuambia tusimame kwenye nyumba moja kijijini. Barazani kulikuwa na makopo ya maziwa, ndoo zilizopasuka na chupa za maji zilizokatwa, zaidi ya 40, kila moja lina ZZ. Mengine yana jani moja dogo la urefu wa kidole, mengine yameshajaza kopo.

Mama mwenye nyumba alitukaribisha viti. Ua lake la kwanza alilirithi kwa mama mkwe wake, lilikuwa uani tangu yeye anaolewa. Hajawahi kuchukua la msituni. "Msituni niende kutafuta nini, mwanangu? Hili lenyewe linazaa."

Akachuma kijani kimoja, akakichomeka kwenye kopo la mchanga, theluthi moja ikiwa chini. "Hiki ukikiacha, chini kinatengeneza kiazi. Kwanza kiazi, jani baadaye."

"Baada ya muda gani?"

"Kiazi, miezi miwili mitatu. Jani… weka mwaka. Wateja wengi wanatupa mwezi wa pili, wanaona hamna kitu. Na kumbe chini kazi inaendelea."

Alikuwa anauza 3,000 kwa makopo madogo. Mume wangu, ambaye alikuwa bado na kinyongo na ile fimbo, alichukua mawili, kisha akarudi kuchukua la tatu. Mama akamwambia: "Baba, usiyanyweshe sana. Yatakufa kwa mapenzi." Hapo hata mzee alicheka.

Ukilikaribisha nyumbani

Baada ya kuliona kwao, malezi yake hayahitaji mwalimu. Kumbuka lile jiwe na kile kiangazi.

*Chungu na udongo.* Chungu lazima kiwe na matundu chini. Changanya udongo wa bustani na mchanga wa chenga kubwa, ukiweza ongeza chenga za makumbi ya nazi. Maji yapite, yasitulie.

*Kupanda kiazi.* Kilaze sentimita mbili tatu tu chini ya udongo, jicho la kuchipua likitazama juu. Ukikizika sana kinaoza kabla hakijaona jua.

*Maji.* Ingiza kidole hadi chini. Kama kuna unyevu, ondoka. Nyumba nyingi za Dar, mara moja kwa wiki mbili au tatu inatosha, na msimu wa mvua punguza. Majani yakigeuka njano na kulegea, mara nyingi ni maji yamezidi.

*Mwanga.* Karibu na dirisha lenye pazia jepesi ndiko linakonawiri. Kwenye kona yenye giza litaishi ila halitakua. Jua kali la moja kwa moja linaunguza majani.

*Baridi.* Walio Njombe, Mbeya na Arusha, mwezi wa Juni na Julai liingizeni ndani. Chini ya nyuzi 15 halipendi.

*Kugawa.* Chungu cha plastiki kikianza kuvimba pembeni, ujue viazi vimejaa. Kitoe, tenganisha viazi kwa kisu kisafi, viache vikauke kivulini siku moja au mbili, kisha panda na usimwagilie wiki nzima.

Na unaponunua, muulize muuzaji limetoka wapi. Lililozalishwa kwa kijani au kwa kugawa kiazi cha bustanini, chukua. Ukiambiwa limechimbwa porini, liache. Misitu ya chini ya pwani na Usambara si mikubwa kiasi cha kuhimili kila sebule ya mjini.

Neno kwa wawili

Kwenye kurasa hizi tunapokea barua nyingi za wapenzi waliochoka. Mmoja yuko Dodoma kikazi, mwingine Dar na mtoto. Mwingine anasema mwenzake amebadilika, haongei, hachangamki, "yaani ni kama hayupo." Wengi wanataka jibu la haraka: niondoke au nibaki?

Sitakudanganya kwamba kila kijiti kikavu kina kiazi chini. Vingine vimeoza kweli, na aliyeoza kwa matusi na vipigo usimfukie ukisubiri mvua. Lakini kabla hujatupa kopo mwezi wa pili, fanya kama yule mzee: fukua kidogo, kwa vidole, bila kutikisa. Uliza, kisha sikiliza. Ukikuta kiazi ni kigumu, subira yako si ujinga. Na kama unampigia simu mara 20 kwa siku kuuliza yuko wapi, mama wa makopo ameshakujibu.

Kwa mtakaokwenda: pandeni Januari au Februari kabla ya masika, barabara ikiwa kavu, mtaona ua likiwa limefunga duka. Mkitaka kuliona limefungua, nendeni Juni, mvua kubwa zikishapita. Bebeni sweta kwa ajili ya Amani, viatu vya kushika matope na dawa ya mbu. Mchukueni kiongozi wa hifadhi pale Zigi, mlipe vizuri, na mkinunua ua, nunueni barazani kwa mtu anayelikuza mwenyewe. Pesa ibaki Muheza, na ua libaki mwambani.