Zoo ya Kericho: Timu Iliyoondoka Bila ya Kuagwa

Nchi ya Wakipsigis, kuanzia Kericho hadi Bomet, ilikwishajulikana kwa mambo mawili: majani ya chai na miguu ya wanariadha. Wilson Kiprugut Chumo, mzaliwa wa huko, ndiye aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, jijini Tokyo mwaka 1964. Kandanda ilikuwa burudani tu ya jioni baada ya wachumaji kupimiwa majani yao.

Ndiyo maana Ligi Kuu ilipopanuliwa mwaka 2017 kufikia timu 18, na Zoo ya Kericho ikawa miongoni mwa zilizopanda, jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana Nairobi. Jina lenyewe lilichekesha (bustani ya wanyama katikati ya michai!), lakini sasa Gor Mahia na AFC Leopards walilazimika kukwea hadi Kericho, kwenye baridi na mvua za alasiri, kutafuta pointi.

Kisha fedha zikakauka. Agosti 2019, kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa mfadhili wa ligi, ilijiondoa kufuatia mgogoro wa leseni baina yake na serikali. Mchezaji asiyelipwa ni mlango ulioachwa wazi, na wapangaji wa matokeo hawahitaji kubisha mara mbili. Wala tatizo halikuwa la Kericho pekee: Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliowahi kuichezea Kakamega Homeboyz, mmoja wao maisha. Mwaka 2021 ikafika zamu ya Zoo. Msimu ukiwa haujaisha, FIFA iliiondoa katika Ligi Kuu na kuishusha hadi Daraja la Kwanza kwa kosa la kupanga matokeo.

Wakenya husema kwamba mechi "imeuzwa". Kitenzi hicho kina uzito wa pekee katika nchi ya chai. Kericho inajua kuuza: chai yake hupelekwa Mombasa, ikaonjwa, ikanadiwa hadharani, na bei yake ikajulikana na kila mtu. Mechi huuzwa gizani, na aliyeilima haonji chochote.

Hapo ndipo hukumu inapouma. Klabu huadhibiwa kwa jina moja, ilhali ndani yake mna kijana aliyepokea bahasha na kijana aliyejitupa matopeni kuuokoa mpira kwa moyo safi; wote wawili waliamka siku hiyo hawana ligi. Mashabiki nao hawakupata hata nafasi ya kuzomea. Kwa sababu ya korona, msimu ule wa 2020/21 ulichezwa bila ya watazamaji, na mara ya mwisho Zoo ilipocheza mechi ya Ligi Kuu, majukwaa yalikuwa matupu.