Tulimuita Pablo, Kumbe Alikuwa Kete

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo naandika kitu ambacho kimenikaa kifuani tangu mwaka jana, na kama kawaida yangu sitaji jina la mtu. Wa Mwanza mtajua naongelea wapi, wengine twendeni tu taratibu.

Kuna kibanda kimoja cha gemu pande za Kirumba. PS4 mbili, tivii mbili, feni moja ambayo inageukia kwa mwenye kibanda tu. Pale watu wote wanacheza mpira, mechi moja jero, ukifungwa unampisha mwenzio. Sasa kuna mshikaji wangu mmoja yeye mpira hataki kabisa. Siku moja akaja na diski yake kaifunga kwenye mfuko wa rambo, akamwambia mwenye kibanda, "Mimi nalipia kwa saa, buku." Ile diski ilikuwa Narcos. Kuanzia siku hiyo kitaa kizima kikamuita Pablo.

Mimi na yeye tulianzia kwenye tamthilia. Narcos ilitoka Netflix mwaka 2015, sisi ikatufikia baadaye sana kwenye flashi, kwa wale jamaa wanaokujazia muvi. Mle ndani watu wanaongea Kihispania muda mwingi, halafu maandishi ya chini ni Kiingereza. Mimi nimeishia kidato cha nne, yeye hata hakumaliza. Tulikuwa tunasoma kwa kubahatisha, tukikwama tunatunga. Nadhani nusu ya Narcos ninayoijua mimi tuliitunga wenyewe.

Gemu yenyewe inaitwa Narcos: Rise of the Cartels. Ilitoka Novemba 2019, wametengeneza Kuju wa Uingereza, na hadithi imefuata msimu wa kwanza. Unaweza kucheza upande wa askari wa Marekani au upande wa wauza unga. Ukisikia jina unategemea kukimbia na kumwaga risasi kama GTA. Wapi! Hii ni gemu ya zamu. Unasogeza mtu mmoja, unampiga adui au unajificha nyuma ya ukuta, halafu unakaa kimya unasubiri na yeye asogeze wake. Yaani drafti, ila hii ina bunduki.

Ndiyo maana Pablo aliipenda. Yule jamaa kwenye drafti alikuwa noma, wazee wa maskani wanaocheza na vizibo vya soda chini ya mwembe walikuwa wanamkwepa. Kwenye Narcos kuna ujanja wa kutomaliza pointi zako zote. Ukibakiza, adui akikatiza mbele ya mtu wako kwenye zamu yake, mtu wako anamfyatulia hapohapo. Wengi tulikuwa na papara, tunamaliza kila kitu. Pablo anabakiza, anategemea ukuta, anakunywa maji yake. Mwenye kibanda anapiga kelele, "Cheza basi!" Anajibu, "Nacheza, kaka. Nasubiri."

Wazungu waliiponda ile gemu. Kwenye gemu nyingine za zamu kama XCOM unasogeza kikosi chako kizima ndipo adui ajibu, lakini hapa zamu moja ni mtu mmoja, wengine wote wamesimama kama nguzo za umeme. Kwa hiyo watu wengi wanachagua mtu wao mmoja mwenye nguvu, wanacheza na huyohuyo mwanzo mwisho. Pablo alifanya kinyume. Wale wazuri anawaficha nyuma, wa bei rahisi anawatanguliza wakapigwe ili ajue adui kakaa wapi.

Na mle mtu akifa ndiyo kafa. Harudi misheni ijayo. Unatoa hela, unaajiri mwingine, maisha yanaendelea. Nakumbuka kuna siku alimpoteza kijana mmoja tuliyekuwa naye muda mrefu, nikalalamika. Akacheka, akaniambia, "Hiyo kete mwanangu. Kete haina mama."

Kete ya drafti mnaijua. Na kete ya mtaani, ile inayofungwa kwenye karatasi, nayo mnaijua. Neno ni hilohilo moja. Siku zile sikuwahi kuliwaza.

Sasa msala wenyewe. Kuna mtu mmoja hapa mjini, mkubwa kidogo, gari kali, misibani anatoa rambirambi nzito, mnasalimiana naye "shikamoo mzee" na anaitikia vizuri tu. Simtaji. Kijana wake alinifuata mimi. Kuna begi liko Musoma, panda basi asubuhi, lichukue, lilete mpaka stendi ya Buzuruga, laki moja na nusu yako. Nikamuuliza kuna nini ndani. Akasema, "Begi tu."

Nilikataa. Ningeishia hapo ningekuwa naandika mambo mengine leo. Lakini sikutaka anione mwoga, na nilitaka aondoke haraka, nikamwambia, "Mimi siwezi, ila mcheki Pablo, yule haogopi kitu."

Hivyo tu. Sentensi moja. Mimi ndiye niliyemsogeza.

Pablo alikuwa anadaiwa kodi miezi miwili. Alikubali bila kuuliza mara mbili. Kurudi, basi likasimamishwa kabla halijafika Igoma, mabegi yakashushwa, na la kwake likafunguliwa. Bangi. Leo yuko mahabusu Butimba, kesi inapigwa tarehe, dhamana imegoma. Yule kijana aliyetutuma kabadilisha namba ya simu. Mzee mwenyewe nilimuona mwezi uliopita hoteli moja ya ufukweni anakula sato, anacheka na watu. Kwenye zamu yake hakusogea hata hatua moja.

Baada ya hapo nilirudia msimu wa kwanza wa Narcos peke yangu usiku. Kuna kipande tulikuwa tunakiruka kwa sababu hakina mapigano, kile cha ndege. Kijana mmoja, ana mke na mtoto mchanga, anapewa mkoba apande nao ndege. Anaambiwa ndani kuna kinasa sauti, akae karibu na jamaa fulani abonyeze tu. Anabonyeza. Tukio la ndege ni la kweli: Avianca nambari 203, tarehe 27 Novemba 1989, watu wote 107 waliokuwemo walikufa, na wengine 3 chini. Tulipoangalia mara ya kwanza Pablo alisema yule dogo mjinga, kwa nini hakufungua aangalie? Nilizima laptopu nikakaa gizani.

Mama yake anauza dagaa Mwaloni. Nilimfuata kule nikamwamkia, "Mwangaluka mayu," nikitaka kumwambia ukweli wote. Akanishukuru kwa kuja. Akaniambia marafiki wengine wamemkimbia mwanawe, mimi peke yangu ndiye bado namjali. Akanifungia dagaa za buku mbili, akakataa hela. Sikusema. Niliondoka na zile dagaa na mpaka leo sijamwambia.

Kuna gemu nyingine ya tamthilia, Peaky Blinders: Mastermind, ya mwaka 2020. Hiyo ni ya kupanga hatua za watu kadhaa, na ukikosea unarudisha muda nyuma unapanga upya. Niliwahi kumuonyesha Pablo kwenye laptopu ya jamaa. Alicheza dakika kumi akaniachia. "Gemu gani ya kurudisha muda," alisema, "huo uongo."

Wiki mbili zilizopita nilienda kumuona. Nilipeleka sabuni na dawa ya meno. Amepungua. Nikamwambia pale pale, huku watu wanapiga kelele pembeni, kwamba jina lake nililitoa mimi. Alinyamaza muda mrefu, kama alivyokuwa ananyamaza kwenye zamu yake. Halafu akaniuliza, "Mama anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi mwambie wewe. Asisikie kwa watu." Muda ukaisha.

Nilipotoka nilipitia kibandani. Nilitaka kuona gemu yetu imeishia wapi. Mwenye kibanda akasema aliifuta zamani, nafasi ilijaa, kaweka mpira mpya.

Kwa hiyo wadau, siku mkifuatwa na dili la begi tu, kukataa peke yake hakutoshi. Na jina la mwenzio libaki mdomoni mwako. Kesho alfajiri, kabla mitumbwi haijaingia, niko Mwaloni. Kama na wewe umewahi kumsogeza mtu, niandikie hapo chini, jina usiweke.